Wa Kwanza Huzaliwa kwa Bibi

...Ndalambo, niseme Ndalambo, neno lenyewe liko hapa nyuma ya meno tangu juzi, nimelilalia, nimeamka nalo, nimelinywea chai, na kijana wa uhamiaji ameuliza kwa adabu zote, "Mama, ulizaliwa wapi?", kwa sauti ya mtu anayeuliza sukari iko wapi, na mimi nimevuta pumzi, nimefungua mdomo, Boazi akanikanyaga mguu chini ya meza kunikumbusha, kana kwamba mtu anaweza kusahau somo alilofundishwa kwa kukemewa, na hapo hapo kompyuta yao ikaganda, kijana akagonga kitufe, akagonga tena, akasema, "Mtandao umekata, mama, nivumilie kidogo," akainuka na simu yake kwenda dirishani, na mimi nimebaki na mdomo wazi na Ndalambo yangu ndani... nifunge mdomo kwanza, nitaonekana mjinga, haya, umefungwa, lakini sasa neno limeanza kupoa, ningelisema palepale lingetoka na mvuke wake na sasa hivi ningekuwa naulizwa habari za shule, ila limekaa, limepoa, na neno la uongo likishapoa linaanza kuonekana lilivyo. Boazi ananitazama, na nikimtazama nitacheka, kwa hiyo natazama ukuta, ukuta una kalenda ya mwaka jana na picha ya mlima. Ndugu yangu huyu, mdogo wangu wa kunifuata, amekuja kuwa shahidi, amevaa lile koti alilooea, vifungo vinaomba msaada, nywele amezipaka mafuta mpaka zinang'aa, yeye kitambulisho anacho siku nyingi, picha yake humo imetoka sawasawa na mwizi wa kuku aliyekutwa na manyoya, lakini anacho, anakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, kwa sababu Boazi alizaliwa Ndalambo, zahanati, kwenye sakafu ya saruji, na hilo hakuacha kunikumbusha tangu tukiwa watoto, mimi nimezaliwa kwenye saruji, wewe umezaliwa kwenye mkeka kwa wenyewe, na nikichota finyango kubwa kwenye bakuli, "Mama, huyu Mzambia anatumalizia mboga," na mama anacheka, anasema mwacheni mgeni ale, na sote tunacheka, siku hizo lilikuwa jambo la kuchekwa tu. Juzi jioni alikuja nyumbani kunifundisha, akakaa upande wa pili wa cherehani, akaweka mikono juu ya meza, akauliza, "Jina?" nikamwambia Boazi wewe, leo hunijui, akasema, "Dada, hapa mimi si Boazi, mimi ni serikali," haya, Ruti Namwinga, "Baba?" Damiano Simwinga, akawaza kidogo, akasema hapo watauliza mbona baba ni Simwinga na mtoto ni Namwinga, nikasema waulize, nani hapa hajui kwamba mwanamume ni Si na mwanamke ni Na, akasema, "Huyo kijana katoka Tanga, dada, hajui kitu, anavaa sweta mbili," halafu akataka wimbo wa taifa, nami nikasimama nikauimba, nikaimba sauti ya kwanza, na kwa kuwa nimeshasimama nikaimba na ya pili, kwaya ya Moraviani haifundishi watu nusunusu, jirani akaja mlangoni kuuliza kuna msiba gani, na Boazi mwenyewe alipojaribu kunisindikiza kwa besi akakwama ubeti wa pili, akasema ubeti wa pili hawaulizi. Halafu akasogeza kiti, akakunja uso wa serikali, akauliza, "Ulizaliwa wapi?" nikasema ng'ambo, kwa bibi. Akashika kichwa. "Dada, ukisema ng'ambo umekwisha. Wanachotafuta ni baba, baba akiwa wa hapa na wewe ni wa hapa, najua, lakini ukianza na ng'ambo hawatafika kwa baba, watafunga faili palepale mlangoni. Sema Ndalambo. Neno moja tu. Mimi shahidi nitaitikia." Na mukwai akanikataza, akasema hiyo mukwai yako iache nyumbani, kwa sababu mimi nimezoea, wateja wangu nusu ni wa Nakonde, upande wa Zambia, wanaleta vitenge niwashonee, na huwezi kuongea na mtu wa Nakonde bila kumbandikia mukwai mwishoni, ndiyo heshima yao, ndiyo mukwai, karibu mukwai, gauni bado mukwai njoo kesho... tangu asubuhi najiuma ulimi isinitoke.

Na nisijidanganye, hicho kitambulisho nakitaka, nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka cherehani ya umeme. Nimechoka kuishi kwa jina la marehemu. Alinanuswe wangu, Mndali wa Ileje, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata kwa mbwa, ndiye aliyenisajilia laini ya simu kwa jina lake kwa sababu mimi sikuwa na kitambulisho, kisha akafariki, laini ikabaki hai, na sasa mteja akilipia gauni simu yake inamjulisha kwamba pesa imepokewa na Alinanuswe, wasiomjua hawajali, wanaomjua wanashtuka, mama mmoja wa Vwawa alikuwepo mazishini, alishika udongo kwa mkono wake, alipolipia sare za watoto akanipigia anatetemeka, "Mama Sekela, mume wako kapokea," nikamwambia usiwe na wasiwasi, atanipa, tulikuwa tunaelewana. Nilicheka siku hiyo mpaka nikalia kidogo. Lakini si laini tu. Ni kwamba safari ile ya kwanza ya kuandikishwa, watu wote wa mtaa tulijipanga na masweta na mabakuli ya uji, nilipoulizwa nilizaliwa wapi nilinyamaza, mimi ambaye sinyamazi hata kanisani, sikutaka kudanganya na sikutaka kuumia, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukaandikwa, uraia wake uchunguzwe, na tangu hapo limekuwa doa, wapo wanaoniita Mzambia kwa kunitania na wapo ambao hawatanii, na mimi nawajua kwa sauti, na kijana huyu wa Tanga amesema wazi nilipoingia, bila ukali, kwamba safari hii hakuna kuahirisha, leo ama anaandika raia ama anaandika mgeni. Mgeni. Niombe kibali cha kukaa kwenye nyumba ambayo matofali yake niliyafyatua mwenyewe na mimba ya Sekela tumboni, Alinanuswe anakanyaga udongo, mimi namimina kwenye kibao, na tunabishana chumba cha kulala kitazame wapi. Mgeni wa nani sasa. Kwa hiyo Ndalambo, Ruti, sema Ndalambo uende zako, ni neno moja, hata si uongo mkubwa, Ndalambo nimekulia, Ndalambo nimeng'oka meno ya utotoni, Ndalambo nimebatizwa na kuchapwa, kinachokosekana ni ile siku ya kwanza tu, na ile siku ya kwanza mtu mwenyewe haikumbuki, wanaikumbuka wengine... na wengine wenyewe wamekufa wote. Hakuna wa kulalamika.

Isipokuwa yeye. Mbona amekuja sasa, nilimwambia leo abaki nyumbani, lakini bibi yangu Loisi hakuwahi kupiga hodi akiwa hai na hataanza leo, anaingia na harufu yake ya moshi na karanga za kukaanga, na ile mikono, mikono mikubwa kuliko ya babu, mikono iliyonishika mimi kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Kwa sababu kwetu wa kwanza huzaliwa kwa bibi, ndivyo ilivyo, binti akipata mimba ya kwanza hazalii kwa mumewe, anarudi kwa mama yake, na mama yake ndiye anayempokea mjukuu, anamfundisha binti kumshika mtoto, kumkanda, kumlaza, wa pili na wa tatu mkazae mtakako, hata kwenye saruji, lakini wa kwanza ni wa bibi, na mama yangu Imelda kwao ni ng'ambo, Wanyamwanga walewale, lugha ileile, ugomvi uleule wa mashamba, ila Mjerumani na Mwingereza walikuja wakagawana, wakapanda mawe ya mpaka katikati ya mahindi ya watu, na baba alikuwa ananolea panga lake kwenye jiwe mojawapo, alisema ni jiwe zuri sana, Wazungu walijua kuchagua. Basi nilipokaribia kuzaliwa, baba akampakia mama kwenye baiskeli, yeye akawa anasukuma, wakafika kwenye jiwe, baba akanoa panga kidogo maana hakutaka kupita bure, wakaendelea mpaka kwa bibi, na hapo uani baba akakwama, kwa sababu mkwe haonani na mama mkwe, ndiyo adabu, hawasemezani, hata njiani mmoja anachepuka, basi mama akaingizwa ndani na baba akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi, kofia mkononi, akamsikia mama analia, akasikia kimya, akanisikia mimi, halafu hakusikia kitu tena, wanawake wote walikuwa ndani, mashemeji walikuwa kwenye pombe, hakuna wa kumletea habari, yeye hawezi kumuuliza bibi na bibi hawezi kumwambia, na bibi alijua yuko pale, aliiona ncha ya kiatu. Akatoka uani na mikono bado imelowa. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Akamgeukia mbuzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Wewe mbuzi, kama unataka kujua, ni msichana, vidole vyote anavyo, mama yake mzima, na acha kusimama juani utaugua." Mbuzi akaendelea kutafuna. Na kutoka nyuma ya ghala baba akajibu, "Asante, mbuzi, na aliyekutuma mwambie asante." Baba alisimulia hiyo kila Krismasi mpaka anakufa, anasimama katikati ya nyumba anaigiza wote, bibi, mbuzi na yeye mwenyewe na kofia yake, na kila mwaka yule mbuzi anakuwa mkubwa zaidi, mwisho alikuwa na pembe za ng'ombe, na Boazi anaudhika kwa sababu kuzaliwa kwake yeye hakuna hadithi, alizaliwa, nesi akaosha sakafu, basi. Sasa nikisema Ndalambo... Ndalambo hakuna lile ghala. Hakuna mbuzi. Bibi anatoka uani na mikono imelowa na ndani hakuna mtoto, baba kasimama nyuma ya mahindi na kofia mkononi anamsubiri mtu ambaye hakuzaliwa pale, nimewaacha wamesimama hapo wote wawili, na bado hawawezi hata kuulizana. Boazi ananinong'oneza, "Dada, upo?" nipo, Boazi, nipo, wewe ndiye hujui nipo wapi.

Kijana dirishani ameitoa simu nje mpaka kiwiko, anaizungusha, anataka aipe kompyuta mtandao wa simu yake, na sasa anacheka peke yake, "Imeshahamia Zambia tena hii," anasema, anatusomea kabisa, "Karibu Zambia, na saa imerudishwa nyuma, kwa hiyo mimi huko hata ofisi sijafungua," na Boazi anacheka kicheko cha shahidi, kirefu kupita mahitaji, na mimi nacheka kweli, maana hilo ni letu sote, hapa Tunduma ukialikwa harusi lazima uulize saa ya huku au ya kule, simu zetu hazina msimamo, ukikaa jikoni uko Tanzania, ukianika nguo uko Zambia, mchungaji alishachelewa ibada yake mwenyewe kwa kuiamini simu. Lakini ona. Simu ya serikali hiyo, imevuka mpaka mchana kweupe mbele ya afisa wa uhamiaji, haikuomba ruhusa, imekaribishwa kule kwa jina, imebadilishiwa hata saa, na yeye hajaiandika mgeni, ameipangusa kwenye sweta, ameigeuza upande wa pili, anaisubiri irudi, ni yake, anajua ni yake, iwe imesimama wapi. Na yangu nayo inatetemeka kwenye pochi, ni Sekela, najua ni Sekela, nichungulie tu haraka kabla Boazi hajaona... "Mayo, tumbo limeshuka, nakuja Jumamosi. Lucky ataniletea mabegi. Usiseme nimenenepa." Mtoto huyu. Anajua kuniita mama vizuri kabisa, lakini tangu aolewe Nakonde imekuwa mayo, mayo, anajifanya Mbemba kuliko Wabemba, na mimi nampenda hivyo hivyo, na chumba nimeshapaka chokaa, kanga laini nimezifua mara nyingi, sabuni ya mtoto iko kabatini, kwa sababu ni mimba yake ya kwanza na wa kwanza huzaliwa kwa bibi, na bibi safari hii ni mimi. Zahanati watazalisha, sawa, na wafanye kazi yao, lakini wa kwanza kumpokea kwenye kanga ni mimi. Na Lucky, mumewe, dereva mzima wa malori, mtu anayewafokea polisi wa barabarani, akinisikia nakohoa anageukia ukutani kwa heshima, sasa huyo atasimama wapi, ghala sina, itabidi asimame nyuma ya tangi la maji, na mbuzi sina, nitaiambia cherehani, wewe cherehani, kama unataka kujua... kwangu mimi kila kitu kitatimia. Atazaliwa huku. Mtoto wa Lucky, wa Nakonde, Mzambia wa baba Mzambia, atazaliwa Tunduma, mikononi mwangu, kisha watamfunga mgongoni wavuke naye kurudi kwao, na atakua, atakuwa na ndevu au atakuwa na hereni, na siku moja atahitaji kitambulisho cha kwao, atakaa mbele ya kijana mwingine mwenye sweta, wa kule, ataulizwa kwa adabu zote ulizaliwa wapi, na kando yake mjomba mmoja mwenye koti la harusi atamkanyaga mguu. Na atasema Nakonde. Ni neno moja tu. Shahidi ataitikia. Na mimi nitakuwa sikuwepo, chokaa sikupaka, kanga sikufua, Lucky kasimama nyuma ya tangi na ndani hakuna mtoto... Nimeumia. Nimeumia hapa, chini ya titi, kwa jambo ambalo halijatokea na mtu ambaye hajazaliwa, nimekasirika kabisa, ningekuwa na fimbo ningemchapa huyo mtoto na mjomba wake, inakuwaje unifute mimi, mimi niliyekushika wa kwanza, kwa kuogopa kalamu... Na nani atakayekuwa amemfundisha? Atakuwa amejifunza nyumbani kwetu. Ni mimi, leo, hapa, na Ndalambo yangu. Loo, bibi, kumbe ndiyo maana umekuja bila hodi. Ulikuwa umesimama hapo muda wote huu na mikono imelowa, na huwezi kunisemesha, na mimi nilikuwa natazama kalenda. Haya, nimesikia. Nimesikia, na nacheka sasa, nacheka kimoyomoyo mpaka bega linatikisika, Boazi anadhani nasali, kwa sababu neno limetoka nyuma ya meno, sijui limekwenda wapi, nalitafuta silioni, mdomo umekuwa mwepesi. Wakiniandika mgeni, watakuwa wamemwandika mgeni mtu aliyezaliwa mbele ya mashahidi, nitakata rufaa, nitakwenda mpaka Dodoma na gauni la kwaya. Kuogopa naogopa, mikono imeloa jasho, sitasema siogopi. Lakini naogopa nikiwa mimi.

"Haya, mtandao umerudi," kijana anasema, anakaa, anavuta sweta ya juu, anaiweka simu kwenye meza uso juu, nayo imesharudi Tanzania na saa yake, anagonga kitufe, skrini inafunguka palepale tulipokuwa, kimstari kinawaka na kuzima mahali pa jibu langu. "Samahani, mama. Nilikuuliza ulizaliwa wapi." Na kiatu cha Boazi kinashuka, nimekijua kabla hakijafika, nimeshaivuta miguu chini ya kiti, kinapiga sakafu kwa kishindo, na sakafu ni ya saruji, ajisikie nyumbani. "Ng'ambo, mukwai," limetoka na mukwai yake, haikukatazika, "kwa bibi yangu Loisi, kwa sababu mimi ni wa kwanza, na wa kwanza kwetu huzaliwa kwa bibi, na baba yangu Damiano Simwinga wa Ndalambo alikuwa amesimama nyuma ya ghala." Boazi amefumba macho. Vidole vya kijana vimesimama juu ya vitufe, haviandiki raia, haviandiki mgeni, nje lori linapiga honi kuelekea getini, ananitazama mimi, anamtazama shahidi wangu aliyefumba macho, ananitazama tena, na bibi amekaa, nimemsikia amekaa. "Huyo baba yako wa Ndalambo," kijana anauliza taratibu, "alisimama nyuma ya ghala kwa nini?" Kafika kwa baba. Boazi anafungua jicho moja, na mimi nasogeza kiti changu mbele, nazishika kingo za meza, kwa sababu hapo hakuna namna, lazima nianze na mbuzi.